Kuku wa Mwalimu na Maji ya Mfereji

Kuku wa kwanza niliowahi kuwachanja kwa malipo walikufa. Walikuwa leya 420, yaani kuku wa mayai, wa mama mmoja mstaafu kule Bahati, nje kidogo ya Nakuru, ambaye hadi leo namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa na miaka miwili tu tangu nimalize chuo cha afya ya wanyama, nina pikipiki ya mkopo, koti jeupe na kijisanduku cha barafu, na watu walishaanza kuniita daktari. Mimi si daktari. Nina cheti, na sheria ya mwaka 2011 inayosimamia kazi yetu inatutaka watu wa ngazi yangu tufanye kazi chini ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Lakini ukiitwa daktari mbele ya mteja anayehesabu noti, unaitika.

Siku ile nilifika Bahati saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala kwenye mahindi. Nilikuwa nimemwagiza Mwalimu aondoe vyombo vya maji mapema ili kuku wawe na kiu. Chanjo ilikuwa ile ya kawaida ya Newcastle, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, ya kutia kwenye maji, niliyoinunua kwenye agroveti, yaani duka la dawa za mifugo, moja ya mjini na kuibeba juu ya barafu kama mtu aliyebeba yai la mwisho. Nikafungulia mfereji wa nje, nikajaza ndoo mbili, nikatia chanjo, nikakoroga kwa kijiti safi, nikamimina. Bahati ni baridi. Kuku walikunywa kwa madaha, na hadi saa nne, jua lilipokolea, vyombo vingine vilikuwa bado nusu. Sikujali. Mwalimu alinilipa, akanifungia trei ya mayai kwa kamba, akaniambia, "Daktari, wewe ni kama mtoto wangu. Usinisahau."

Wiki ya tano akanipigia simu alfajiri. Mayai yamepungua, mengine yana gamba laini kama ngozi. Nilipofika niliwakuta kuku wamejikunyata pembeni, midomo wazi wakitafuta pumzi, kinyesi cha kijani kimelowesha maranda. Mmoja alikuwa amepinda shingo mpaka kisogo kinaangalia sakafu, anazunguka palepale kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Baada ya siku kumi walibaki 94.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma. Mwalimu aliniuliza, wala si kwa hasira, "Si tuliwachanja?" Nikamjibu kwamba chanjo lazima ilikuwa mbovu, kwamba wenye maduka siku hizi wanauza chanjo zilizokufia kwenye friji. Ushahidi sikuwa nao hata punje. Yeye aliniamini, akawasimulia wenzake wa chama, na yule mzee wa agroveti akapoteza wateja wa upande mzima ule bila kujua kisa.

Ugonjwa wenyewe niliujua tangu utotoni, ila sikujua jina lake. Mimi ni mzaliwa wa Vihiga, karibu na soko la Luanda. Kwetu kuku si kitoweo tu. Mgeni wa heshima akija bila kuchinjiwa, habari hiyo itamfuata mwenye nyumba mpaka matangani. Imondo, yaani firigisi, ilikuwa ya baba au ya mkwe, na mtoto aliyeigusa alijua mwenyewe atakachokipata. Sasa kila mwaka, kuanzia Januari upepo ukishika vumbi, kuku walianza kusinzia mchana. Mama hakungoja. "Wakisinzia tu, wapeleke Luanda," alikuwa anasema. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa nabeba kuku wanne, wawili kila mkono, vichwa chini, na kabla ya adhuhuri wameshanunuliwa na wachuuzi wanaowapakia juu ya basi. Hela ile ilikuwa karo. Hakuna aliyeiita dhambi, na mimi siiti dhambi hata leo. Lakini nikikumbuka vile vikapu juu ya yale mabasi, naona nilianza kazi ya kusambaza virusi mapema sana, tena kwa bidii.

Newcastle ni jina la mji wa Uingereza ambako ugonjwa huu ulizuka mwaka 1926, na mwaka huohuo ukaonekana kwenye kisiwa cha Java. Wenzetu wa Tanzania wanauita kideri au mdondo. Mdondo naupenda zaidi, maana ukilisikia neno unawaona kuku wakidondoka.

Mwaka 2014 nilikwenda kwenye mafunzo ya siku moja katika ukumbi wa kanisa hapa mjini. Niseme ukweli, nilifuata alama. Sisi tunaosajiliwa hutakiwa kukusanya alama za masomo ya kuendeleza taaluma, na wengi wetu mahesabu yetu ni alama na chapati. Baada ya chakula, wakati kila mtu anapigana na usingizi, alisimama mtaalamu mmoja wa maabara, mama mfupi ambaye wote walimwita Madam. Hakuwa na picha za ukutani wala karatasi. Aliuliza, "Nani hapa anachanjia kuku kwa maji ya mfereji?" Tukainua mikono watu kama ishirini. Akatutazama mmoja mmoja kwa upole uliotisha kuliko ukali.

Kisha akaeleza, kwa Kiswahili cha nyumbani. Chanjo ile ni virusi hai, vile vipole visivyomuuguza kuku bali vinavyoufundisha mwili wake kujikinga. Klorini iliyo kwenye maji ya mfereji imewekwa kuua vijidudu. "Haina macho ya kuona kwamba huyu ni mgeni wenu mliyemlipia. Inaua tu." Tumia maji ya mvua au ya kisima safi, akasema. Ukikosa, chukua maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, koroga, ngoja kidogo, ndipo utie chanjo. Maziwa yataifunga klorini. Vyombo viwe vya plastiki, visiwe vimesuguliwa kwa dawa. Na ndani ya saa mbili maji yawe yamekwisha, kwa hiyo pima maji kwa kiu ya kuku, usipime kwa ukubwa wa ndoo.

Mkono wangu ulikuwa bado juu. Nilisahau kuushusha. Nilikuwa naona ndoo mbili, mfereji wa nje, na jua la saa nne.

Sikusema neno siku ile. Wala mwezi uliofuata. Nilibadilisha namna ya kufanya kazi, nikaanza kutembea na maziwa ya unga kwenye begi la pikipiki, nikajiambia yaliyopita si ndwele. Methali hii imewaficha watu wengi, na mimi nilijificha humo karibu mwaka mzima.

Kilichonitoa ni mizoga. Tulikuwa watu sita wa kazi hii tuliozoea kukutana Lanet Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nyuma ya duka la mwenzetu mmoja, kila mtu aje na kuku aliyekufa au na swali. Daktari mmoja mstaafu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikubali kukaa nasi bila malipo, mradi apate chai isiyo na sukari. Alikuwa na ndoo ya maji ya sabuni. Unachovya mzoga kwanza ili vumbi la manyoya lisiruke, unaulaza chali, unavunja mapaja yafunguke kama kitabu, unapasua ngozi ya tumbo kuelekea kidevu. Halafu unatazama kabla ya kugusa.

Ukitaka kumuudhi mzee, taja jina la ugonjwa. "Sijakuuliza jina," alikuwa anasema. "Nimekuuliza umeona nini." Basi tukajifunza kusema tulichoona. Ini lenye rangi ya shaba, linageuka kijani kibichi likipigwa na hewa. Vile vidole viwili vya utumbo vimejaa damu iliyoganda. Michirizi ya damu kwenye nyama ya paja na ule mfuko mdogo wa bursa, juu ya njia ya haja, umevimba na umezungukwa na ute wa manjano. Mshipa wa fahamu wa mguu mmoja ni mnene kuliko wa pili, na mwenye kuku anakwambia alikuwa amelala mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Vidonda vyekundu ndani ya kile kifuko kinachotangulia firigisi. Jina lilikuja mwisho, na mara nyingi mzee alikataa hata kulitoa. Alisema magonjwa mawili yanaweza kufanana, peleka maabara. Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne nikitaja majina kutoka juu ya pikipiki bila hata kuizima.

Ijumaa moja mzee aliuliza kama kuna aliyewahi kuona kundi lililochanjwa likafa kwa Newcastle. Kimya. Kila mmoja anaangalia ndoo. Nikasema mimi. Nikasimulia yote, mfereji, jua, trei ya mayai, na uongo wa friji ya agroveti. Nilidhani watanicheka. Dada mmoja kutoka Subukia akasema, taratibu, "Mimi ilikuwa stima. Ilipotea siku mbili, nikaona barafu imeyeyuka, nikachanja hivyohivyo kwa kuwa nilikuwa nimeshalipwa." Wa Rongai akasema yeye huchanganya chupa moja asubuhi na kuzunguka nayo mpaka jioni, maboma saba. Mwingine akakiri kwamba akiona ugonjwa wa virusi anajua dawa ya bakteria haifai, lakini anauza tu, maana mteja anataka kuona unga ukikorogwa kwenye maji ndipo aamini amehudumiwa. Mzee alikunywa chai yake. Alisema miaka yote aliyofanya kazi aliandikiwa ripoti nyingi za vifo, na hakuna hata moja iliyokuwa na habari hizi.

Tangu siku hiyo tuliweka daftari. Si la kifahari, la mraba lile la hesabu. Tarehe, mahali kwa jumla bila jina la mwenye boma, umri wa kuku, wametoka wapi, wamechanjwa nini na kwa maji gani, wamekufa wangapi, tumeona nini. Kutotaja jina la boma tulikubishania sana. Mimi nilitaka tutaje. Nilishindwa, na nashukuru, kwa sababu mtu akijua jina lake halitasomwa mbele ya jirani anayemdai, anakupigia siku ya kwanza badala ya siku ya nane. Taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ni jambo jingine. Newcastle ni ugonjwa wa kuripotiwa kisheria, na hiyo haina mjadala.

Daftari lilitulipa mapema. Mwaka 2016 nilikuwa na wateja wawili ambao vifaranga vyao vilikuwa vinakufa wiki ya kwanza na ya pili, kinyesi cheupe kimegandia nyuma. Nilidhani ni baridi. Nakuru ya Julai ni ya kulaumiwa kwa mengi. Nilimfundisha mmoja kuongeza jiko la makaa. Ijumaa tukasoma daftari kwa sauti: wa Subukia ana watatu wa namna hiyo, wa Njoro ana mmoja, wa Lanet wawili. Safu ya "wametoka wapi" ilikuwa na jina moja mara nane, na tarehe za kuanguliwa zilipishana kwa siku tano tu. Tukapeleka vifaranga waliotoka kufa kwenye maabara ya uchunguzi wa mifugo ya hapa Nakuru. Jibu likarudi ni bakteria wa jamii ya Salmonela, ambaye kuku mama anampitisha ndani ya yai, kifaranga kinazaliwa naye. Makaa yangu hayakuwa na kazi yoyote pale.

Yule aliyeangua na kuuza vifaranga hivyo alikuja juu. Alimpigia simu mwenzetu, akamtishia mahakama. Baadaye afisa wa mifugo alikwenda kule mwenyewe na mambo yakashughulikiwa huko huko. Mimi sikuitwa na sikutaka kuitwa. Ila nilijua kwamba kila mmoja wetu peke yake alikuwa na baridi, makaa na bahati mbaya, na hakuna ambaye angeuona ugonjwa ule kwenye boma lake moja.

Nisiwapake watafiti mafuta pia. Mwaka 2015 vijana wa chuo kimoja walifika Solai na gari, wakatuomba tuwapeleke kwenye maboma ya kina mama wanaofuga kienyeji. Walitoa damu chini ya mbawa za kuku wengi, wakaandika fomu, wakashukuru, wakaenda. Majibu hayakuja. Mwaka mzima kila nikipita kule bibi mmoja alikuwa ananisimamisha: "Damu ya kuku wangu ilisema nini?" Nilikuwa sina la kusema, nikawa naipitia njia ya juu nisionane naye. Mtu wa mashinani ndiye anayebaki na deni la mtafiti, maana ndiye mwenye uso unaojulikana.

Alipokuja mwingine 2019, msichana anayesomea shahada ya pili, tulimwambia masharti kabla hajafungua begi. Majibu yarudi hapa, kwa mdomo, kwa lugha wanayoielewa, kabla hujamaliza masomo. Alikubali, na kusema kweli sikumwamini. Miezi saba baadaye alishuka kwenye matatu na karatasi za manila zimeviringwa kwapani. Akazibandika ukutani mwa kanisa, kila boma na namba yake, akasoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili, na mama mmoja akawa anamfasiria kwa Kikuyu. Yule bibi wa damu alikaa mbele. Alipomaliza kusikia namba yake aliuliza maswali manne, na la mwisho lilikuwa kama kuku aliyepona mwenyewe bila chanjo bado anahitaji chanjo. Msichana aliandika swali lile kwenye daftari lake kabla ya kulijibu.

Ndiye aliyenipeleka kuona sahani. Niliwahi kusikia habari ya kupima kinga lakini sikuwahi kuiona kwa macho. Ni kibao cha plastiki chenye vishimo 96, kila kishimo kama ncha ya kidole cha mtoto. Unaweka maji ya damu ya kuku, unayapunguza nguvu nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, unatia virusi, halafu chembe nyekundu za damu. Virusi vikiwa huru vinazikamata zile chembe na kuzitandaza kama mkeka mwekundu. Kinga ikiwepo inavifunga virusi, na chembe zinateremka chini na kukusanyika kitufe kimoja kidogo, duara, chekundu. Ukiinamisha kibao, kitufe kinatiririka kama chozi. Aliniachia nihesabu. Kuku niliowachanja kwa maji ya mvua: kitufe, kitufe, kitufe, kitufe, kitufe, mkeka. Kuku wa mtu mwingine, wamechanjwa kwa njia asiyoikumbuka: kitufe, mkeka, mkeka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Miaka sita mapema, kama mtu angenionyesha safu moja tu ya Mwalimu wiki tatu baada ya ndoo zangu, tungekuwa na muda wa kurudia.

Mzee wetu alipenda kutukumbusha kwamba hili la kukutana na kupashana si letu peke yetu. Duniani kuna chama cha madaktari wa kuku kilichoundwa mwaka 1959, na kazi yake ni hiihii: kukutana, kuhimiza utafiti, kupelekeana habari na vielelezo. Akatupa mfano ambao mimi hupenda kuurudia. Mtafiti wa Australia, Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, alichagua aina ya kirusi cha Newcastle kiitwacho I-2, kipole na kinachovumilia joto, na mbegu yake ikatolewa bila malipo kwa nchi zilizotaka kutengeneza chanjo ya kuku wa vijijini. Tanzania na Msumbiji ziliitumia. Tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 4, bila mambo ya ndoo. Mama yangu kule Vihiga hana friji hata sasa. Nilimpelekea chanjo inayostahimili joto na kichupa chake chenye mdomo wa tone, nikamwonyesha namna ya kumshika kuku na kungoja apepese jicho. Alinitazama kama ninayemwekea kuku wanja. Lakini amewachanja, na Januari mbili zilizofuata sikusikia habari ya Luanda.

Si kila tunachopashana ni cha kweli. Januari 2017 Uganda ilipotangaza homa ya mafua ya ndege, iliyoonekana kwanza kwa ndege wa porini upande wa Entebbe kando ya Ziwa Victoria, Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko, na simu zikawaka. Nilipata ujumbe kwamba flamingo wa Ziwa Nakuru wanakufa wote, picha zikaambatanishwa. Picha zilikuwa za zamani. Mimi mwenyewe nilikaribia kuzituma mbele. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Nikampigia mwenzangu wa Busia, akaniambia wachuuzi wamekwama mpakani na hakuna boma lenye vifo analolijua. Nikampigia rafiki anayefanya kazi ya utalii ziwani, akaniambia ndege wako salama, kinachomsumbua ni maji yanavyopanda. Simu mbili tu. Jioni hiyo nikawaandikia wateja wangu, na bei ya mayai ya mtaa wetu haikuanguka kama ya mtaa wa pili.

Lakini flamingo kweli waliwahi kufa. Mwaka 1993 walikufa kwa maelfu hapa Nakuru na Bogoria, na ubishi uliofuata wazee wa mji wanaukumbuka. Mtafiti mmoja alisema ni taka za mji na madini yake, mwingine akapata bakteria wa kifua kikuu cha ndege, mwingine baadaye akapata sumu ndani ya ule mwani wa kijani-buluu wanaoula. Kila mmoja alikuwa na mzoga wake mkononi. Mzee wetu alikuwa akiuliza: je, walikaa lini meza moja?

Kwa Mwalimu nilirudi 2018. Nilikuwa namhudumia miaka yote hiyo, nakunywa chai yake, nasimuliwa habari za wajukuu, na lile jambo liko katikati yetu kama kuku aliyelala mezani. Nilimwambia tukiwa bandani, nikiwa nimeshika ndoo, kwa sababu sikuweza kusema nikiwa nimekaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja. "Na yule mzee wa duka?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hilo. Tulikwenda wote wawili, matatu moja, hatukuzungumza njiani. Yule mzee alikuwa bado na duka, dogo kuliko zamani. Mwalimu ndiye aliyeanza, akaniachia nimalizie. Mzee aliinuka, akafungua friji yake, akatoa kipimajoto kilichofungwa kwa kamba kwenye rafu ya kati, akaniwekea mbele ya macho. Digrii 5. "Kimekaa humu tangu 2009," alisema. Hakusema zaidi. Mimi hununua kwake sasa, na bado ananihudumia kama mgeni.

Jumanne iliyopita Mwalimu alinipigia. Kuku wapya, wiki ya 31, wamekufa sita, wawili wamepinda shingo. Nilikwenda na kijisanduku, nikachukua wawili wagonjwa wakiwa hai na mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, huyu ndani ya mifuko miwili juu ya barafu, nikaandika kwenye fomu tarehe za chanjo zote na maji yaliyotumika, nikawapeleka maabara kabla ya saa sita. Jioni akapiga tena.

"Daktari, ni ule?"

"Mwalimu, nimeona kinyesi cha kijani na shingo mbili. Jina bado."

"Na maji safari hii?"

"Ya tangi la mvua. Ulikuwepo."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia kuku, na mbwa akibweka.

"Mnunuzi alikuja na kreti zake mchana," akasema. "Anataka wote, hata wanaosinzia, bei nzuri tu. Nimemrudisha. Lango nimelifunga na komeo."